Mrija wa Kumi na Saba

Osaka, 9 Desemba 1990

Dada Nagumo,

Huku baridi imeanza kuuma, na huko kwenu Tokamachi najua theluji imeshafika dirishani. Mama anaendeleaje? Mkono umeanza kusogea? Mwalimu Kuramochi anakusalimu. Na mimi nakusalimu, lakini kwanza kaa chini.

Umekaa?

Namba kumi na saba ina sumaku.

Sitanii. Ile mirija mitatu ya kioo uliyoifunga siku ulipopigiwa simu kwamba mama ameanguka, niliiacha kwenye rafu wiki tatu nzima kwa uvivu wangu. Jumanne nikaanza kuiingiza kwenye mashine ya kupima sumaku. Kumi na tano, kimya. Kumi na sita, kimya. Kumi na saba, mstari wa kipimo ukaruka kama paka aliyekanyagwa mkia. Nikasema mashine imeharibika. Nikautoa, nikaurudisha, ukaruka vilevile. Nikaacha mrija utoke kwenye baridi kali ya mashine upate joto polepole, nikisubiri sumaku ife. Haikufa, Dada! Umefika joto la chumba, joto la mimi kuvaa sweta moja tu, na bado ina sumaku.

Nilimpigia mama yangu. Akaniuliza, "Unalia nini, umeachwa?" Nikamwambia, mama, potasiamu ni metali laini, unaikata kwa kisu kama siagi, haijui sumaku ni kitu gani. Zeolaiti nayo ni fuwele nyeupe, ndani yake imejaa vyumba vidogo visivyoonekana kwa darubini ya kawaida, na yenyewe haina sumaku. Tunaifukizia potasiamu mpaka atomi chache chache zinaingia kila chumba, zinakaa humo kama familia. Na sasa familia hizo zimeanza kuelekea upande mmoja. Mama akasema, "Sawa. Na chakula umekula?"

Unakumbuka mzee wa maabara ya jirani alivyokuwa akituuliza kila akitukuta kwenye lifti, "Bado mnalisha mchanga potasiamu?" Jana amekuja mwenyewe kuutazama mstari. Aliinama akaufuata kwa kidole mpaka mwisho.

Mwalimu amesema mbele yangu, "Nagumo akirudi, nafasi yake ipo." Nimekunukulia kama alivyosema.

Sasa naomba kitu. Daftari lako linaishia namba kumi na sita. Niandikie ulivyoifunga kumi na saba, hatua kwa hatua, hata zile unazodhani ni za kipuuzi.

Mdogo wako wa maabara,
Akutsu Yohei


Tokamachi, 20 Desemba 1990

Akutsu,

Nimefurahi. Nimeisoma barua yako mara tatu nikiwa nimesimama jikoni.

Mama anameza uji, mkono wa kulia haujarudi. Hana maneno zaidi ya manne, na moja kati ya hayo ni jina la paka aliyekufa nikiwa mtoto, ndilo analoniitia. Kaka yangu amepiga simu kutoka Tokyo. Nilimuuliza kama mkewe angeweza kuja hata mwezi mmoja. Akasema, "Ritsuko, wewe huna mume wala mtoto. Unapungukiwa nini?" Nilikuwa nataka kumjibu, nikasikia mama anaita paka.

Kuhusu kumi na saba: nilikausha unga wa zeolaiti kwenye ombwe kwa saa ishirini na nne, nyuzi mia tano. Nikautia kwenye mrija ndani ya kile kisanduku cha glavu kisichoingiza hewa, nikaweka kipande cha potasiamu mdomoni mwa mrija, nikaufunga kwa moto. Kisha tanuri, nyuzi mia moja na hamsini, mpaka unga ukageuka rangi. Sikufanya kitu tofauti. Daftari sikuandika kwa sababu simu ilikuwa imeshakuja na treni ya mwisho ilikuwa inaondoka.

Hebu niambie, hiyo nafasi, Mwalimu aliisema kwa kinywa chake? Mwaka ujao wa masomo, au baadaye? Nikijua, nitaweza kuzungumza na kaka.

Nagumo Ritsuko


Osaka, 15 Juni 1991

Dada Nagumo,

Mvua haikatiki. Viatu vyangu vimeota ukungu, na paa la maabara linavuja juu ya meza ya Mwalimu, naye hataki kuisogeza, ameweka ndoo na anaandika pembeni yake.

Makala imekubaliwa! Itatoka Agosti. Mwalimu ameandika karibu yote mwenyewe, na majina pia ameyapanga mwenyewe, mimi nimechora picha tu. Kuhusu nafasi, bado vikao vinaendelea, unajua vikao vya humu.

Tumepata mwanafunzi mpya, Tomobe Sae, baba yake analima tangawizi Kochi. Ana mikono yako, Dada. Nilimwonyesha mara moja namna ya kufunga mrija, akafunga wa pili bila kutetemeka. Ana mdomo pia. Siku ya kwanza aliniuliza, "Bwana Akutsu, huyu kumi na saba ana ndugu?"

Nikamwambia, "Bado."

"Basi ni yatima. Nitamtafutia."

Amefunga kumi na miwili mpaka sasa. Hakuna hata mmoja uliofanana naye. Lakini ndiyo kwanza tunaanza.

Akutsu


Tokamachi, 2 Oktoba 1991

Akutsu,

Hongera kwa makala. Jumamosi nilimwacha mama na jirani, nikapanda treni kwenda maktaba ya Niigata kuisoma. Imeandikwa vizuri. Majina mawili yamekaa vizuri juu ya ukurasa. Nilitafuta na kwenye shukrani mwishoni, huenda nimeruka mstari, macho yangu yamechoka siku hizi. Wameshukuriwa waliotoa heliamu na wafadhili. Hata fundi wa vioo ameshukuriwa, na anastahili.

Mpunga umevunwa. Nimepata kazi ya kufundisha sayansi siku tatu kwa wiki, shule ya wasichana. Mama ni yuleyule.

Nagumo


Osaka, 20 Oktoba 1991

Dada Nagumo,

Nimeanza barua hii mara nne.

Ni kweli. Jina lako lilikuwepo kwenye rasimu ya kwanza, nililiandika mimi. Mwalimu akalifuta. Akasema mtu aliyeondoka kwenye maabara bila kumaliza daftari hawezi kujibu maswali ya wasomaji, na makala lazima ijibiwe. Nilipaswa kubisha. Nilisema, "Lakini, Mwalimu..." akaniangalia, nikanyamaza. Na hiyo nafasi, amenipa mimi. Mkataba wa miaka mitatu. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, na nilisaini. Nilitaka kukwambia mwezi wa Juni nikashindwa, nikakuandikia habari za ndoo.

Sikuombi unisamehe. Lakini nakuomba msaada, na najua huku ni kukosa haya.

Mirija ishirini na sita sasa, Dada. Yote imekufa. Kwenye mkutano wa Septemba mtu mmoja alisimama nyuma akasema, "Hicho ni chuma. Uchafu wa chuma kidogo tu unatosha. Vunjeni mrija mpime." Mwalimu akamjibu, "Wewe ungebomoa nyumba yako uone kama ina msingi?" Watu wakacheka, lakini mimi nilitoka jasho. Unajua tukiuvunja hewa inaingia, potasiamu inakufa papo hapo, na hatuna mwingine. Unga uliobaki kwenye kopo ulilotumia tumeupima mara mbili, ni safi kabisa.

Nakuuliza wewe kwa sababu ulikuwa peke yako mle ndani. Siku ile, kulikuwa na kitu chochote cha chuma karibu na unga? Chochote?

Akutsu Yohei


Tokamachi, 11 Novemba 1991

Akutsu,

Hongera kwa mtoto.

Hapakuwa na chuma.

Ukitafuta tofauti, itafute kwenye joto. Kile kipimajoto cha tanuri siku zile kilikuwa kibovu, wote tulikuwa tukilalamika. Huenda nilipita nyuzi mia mbili na hamsini bila kujua. Jaribuni kupandisha.

Nagumo


Osaka, 27 Julai 1992

Dada Nagumo,

Wadudu wa kiangazi wanapiga kelele mpaka hatusikilizani. Pole sana kwa mama. Kadi ya rambirambi niliituma, sijui kama ilifika kabla ya mazishi. Ningekuja, ila Mwalimu hatoi ruhusa siku hizi, na hata mimi simlaumu. Kuna kundi Marekani limejaribu na kukosa, na jingine Ujerumani. Wanaandika kwa adabu sana. Adabu hiyo inamnyima usingizi.

Tumefuata ushauri wako wa joto. Tumefika mia mbili na sabini. Kioo kinageuka rangi ya chai kwa sababu mvuke wa potasiamu unakila, na baadhi ya mirija inatoka na nyufa nyembamba. Tomobe anafanya kazi kama mwendawazimu. Anakula tambi amesimama. Juzi alinifuata na karatasi.

"Bwana Akutsu, tazama huku chini kabisa. Nyuzi tano juu ya sifuri kamili, baridi isiyo na nyingine chini yake. Nimepima upya mirija yangu saba ya zamani, ya joto dogo, na mstari wa kila mmoja unainuka kidogo hapa."

Nikatazama. Kilikuwa kimstari kidogo kama unywele, na ukipasha kidogo tu kinatoweka.

Nikamwambia, "Inainuka kidogo na inakufa. Yetu haifi hata kwenye joto la chumba. Achana na hiyo."

"Lakini inarudi kila mara. Mirija saba, mara saba."

"Tomobe! Kumi na saba kwanza."

Akakunja karatasi yake. Akasema, "Huyo yatima wenu atatumaliza," akacheka, na mimi nikacheka.

Je, unakumbuka uliuacha mrija tanurini kwa saa ngapi? Nadhani tuongeze.

Akutsu


Osaka, 4 Desemba 1992

Dada Nagumo,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo nasema tu.

Jumatatu mrija ulipasuka mkononi mwa Tomobe. Alikuwa ameutoa tanurini, umepoa, akauinua kwenye mwanga asome namba. Miwani ya kinga ilikuwa imepata ukungu, akaipandisha juu ya paji la uso. Sekunde mbili tu. Kioo kilikuwa kimekwisha kwa joto, kikaachia chenyewe. Potasiamu yote ikaingia hewani na ikawaka usoni kwake.

Nilikuwa chumba cha pili. Nilimsikia akisema, "Aa," basi, si kwa sauti kubwa, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Jicho la kushoto limekwenda. La kulia anaona mwanga na vivuli, na daktari hasemi zaidi. Vidole vitatu vya mkono wa kulia wamevifunga pamoja, hawajui kama vitakunjika tena. Ana miaka ishirini na minne.

Baba yake amekuja kutoka Kochi. Nilipiga magoti mbele yake pale koridoni. Akaniuliza, "Mlikuwa mnatafuta nini?" Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kabisa, kisha akauliza tena, "Lakini mlikuwa mnatafuta nini?"

Akutsu


Tokamachi, 12 Desemba 1992

Akutsu,

Soma barua hii peke yako, halafu umpe Mwalimu aisome, na mtu mwingine yeyote unayeona anastahili.

Kulikuwa na chuma.

Siku ile unga wa kumi na saba ulikuwa umeganda chini ya chombo baada ya kukauka. Fimbo ya kioo tunayokwangulia ilikuwa imenikatikia. Simu ilikuwa imekuja robo saa kabla, jirani akisema mama yuko sakafuni na haongei. Kwenye kisanduku cha glavu kulikuwa na ile sindano nene ya chuma ambayo fundi aliisahau, ncha yake ina kutu. Nikaichukua, nikakwangua unga nayo. Niliona ncha imetoka safi. Niliona, Akutsu. Kutu haikuwepo tena, na nilijua imekwenda wapi, lakini nikawaza treni. Niliufunga mrija, nikaupitisha tanurini mpaka unga ukageuka rangi, nikauweka na wenzake, nikaondoka. Niliwaza nitakupigia simu kesho yake nikwambie uutupe. Kesho yake nilikuwa hospitali.

Barua yako ya kwanza ilipokuja nilijua kabla sijamaliza ukurasa. Niliandika jibu la kweli. Karatasi moja na nusu. Kisha nikasoma tena pale uliposema Mwalimu amesema nafasi yangu ipo, nikaiweka ile karatasi chini ya godoro la mama, nikakuandikia nyingine. Nilitaka kurudi. Nilikuwa nageuza mwili wa mama mara sita kwa siku, na kila nikimgeuza nawaza, nina kumi na saba. Nilijidanganya kwamba huenda si kutu, kwamba huenda kutu na sumaku vyote vimo. Mtu akitaka kitu sana anajua kujipa hoja.

Kisha nikaenda Niigata nikayaona majina mawili.

Sikulia. Nilirudi kwenye treni nikiwa nimetulia kabisa, na utulivu huo ndio unaonitisha sasa. Ulipoandika ukiniuliza waziwazi kama kulikuwa na chuma, nilikaa na swali lako wiki tatu. Si kwamba nilisita. Nilikuwa nalifurahia. Niliwaza, hawa wawili waliofuta jina langu, acha wamtafute ndugu wa kitu ambacho hakina ndugu. Acha wazeeke wakimtafuta. Na ile habari ya joto niliitunga. Kipimajoto kilikuwa kibovu kweli, lakini siku ile nilitumia kile kizima. Nilikuwa najua kioo kinavyofanywa na mvuke ukizidi. Niliwaza mtapoteza mirija. Nilimwona Mwalimu akikasirika. Nilikuona wewe. Msichana sikumwona, ingawa ulikuwa umeshaniandikia jina lake, na mikono yake, na maneno yake.

Mama alipokufa ningeweza kusema. Hakukuwa tena na nafasi ya kutamani wala mgonjwa wa kusingizia. Uliandika kioo kinageuka rangi ya chai. Nilisoma neno hilo nikiwa nasahihisha mitihani, nikaweka barua pembeni, nikaendelea kusahihisha. Niliogopa. Hiyo ndiyo sababu yote ya mwisho, nyingine sina.

Vunjeni mrija.

Nitakuja Osaka kumwona. Niambie hospitali gani.

Nagumo Ritsuko


Osaka, 18 Januari 1993

Bi Nagumo,

Usije.

Tumeuvunja. Mwalimu alisoma barua yako amesimama, akaikunja vizuri, akaniambia, "Uvunje wewe." Nikauvunja ndani ya kisanduku, nikauosha unga kwa asidi, tukaupima. Chuma kimo. Kiasi kidogo sana, lakini kinatosha kueleza kila nukta tuliyoichapisha. Mwalimu aliangalia tarakimu hizo, akaniuliza kama nje kuna theluji. Osaka! Nikamwambia hakuna. Akavaa koti akaenda nyumbani. Ameandika barua ya kuiondoa makala na anastaafu Machi, miaka miwili kabla ya wakati. Mkewe anasema nyumbani haongei.

Sasa kuna jambo jingine, na lazima ulijue.

Baada ya kuuvunja nilirudi kwenye ile mirija saba ya zamani ya Tomobe, ile aliyoifunga kwa unga safi na joto dogo, kabla hujatushauri tupandishe. Nilikaa nayo siku tano kwenye mashine, chini kabisa, karibu na sifuri. Alikuwa sahihi. Familia zile za atomi ndani ya vyumba vyake zinaelekea upande mmoja kweli, bila chuma, bila uchafu wowote. Sumaku ndogo, dhaifu, inayokufa ikipata joto kidogo tu. Lakini ni ya kweli. Ndiyo hasa tuliyokuwa tukiitafuta miaka yote, kabla ya kumi na saba kutupa tamaa ya kubwa zaidi. Ilikuwa mikononi mwake tangu Julai, na mimi ndiye niliyemwambia aachane nayo.

Nilianza kuiandika, jina lake mbele na peke yake. Nilikuwa nimefika ukurasa wa nne. Jumatano ikaja posta. Kuna kundi jingine hapahapa nchini wameichapisha, mistari ileile, nyuzi zilezile, na wameifanya vizuri kuliko mimi. Waliipeleka kwa mhariri mwezi wa Oktoba.

Nilikwenda hospitali kumwambia yote: ya kutu, ya barua zako, ya jina lako nilivyolinyamazia, ya kimstari chake, ya waliotutangulia. Niliona ana haki. Alikuwa amekaa kitandani amegeukia dirisha. Nilipomaliza akasema, "Oktoba?"

Nikasema, "Oktoba."

"Mimi nilikuonyesha lini?"

"Julai."

Akaomba nimwitie nesi, kwa sababu bandeji inambana.

Mkataba wangu hautaongezwa. Baba mkwe amenipatia kazi kwenye kiwanda cha sabuni ya unga huko Wakayama. Wanatumia zeolaiti, kwa tani, kulainisha maji ya kufulia. Nitakuwa napima ubora wake.

Mwaka mzima wa kwanza nilikuwa nikiamini nimekukosea, na nilikukosea. Sasa sijui tumekoseana kiasi gani, wala sioni faida ya kupima. Sitakuandikia tena. Anwani ya nyumbani ya Tomobe nimeiandika nyuma ya bahasha, kwa sababu aliniambia nikupe.

Akutsu Yohei


Kochi, 30 Mei 1993

Bi Nagumo,

Mama yangu ndiye anayeandika, mimi nasema. Ameahidi kuandika ninavyosema bila kupamba.

Barua zako tatu zimefika. Nilisomewa ya kwanza Machi, na hizo nyingine mbili Aprili. Ya kwanza mama aliisoma mpaka katikati akashindwa, baba akamalizia. Unaeleza vizuri. Nimeelewa kila hatua, ile ya godoro, ile ya treni, ile ya mitihani. Nadhani ungekuwa mwalimu mzuri kwangu.

Bwana Akutsu huwa anapiga simu kila Jumapili. Baba anamwambia nimelala. Mwalimu Kuramochi alituma kapu la matunda na kadi isiyo na maneno, jina lake tu.

Watu wananiuliza kama nina hasira. Sina nafasi nayo. Naamka, najifunza ngazi za nyumba yetu, ni kumi na moja, najifunza kufunga vifungo kwa mkono wa kushoto. Jicho la kulia halikupata nafuu. Daktari wa Osaka alisema tusubiri majira ya kuchipua, na wa hapa amesema tusisubiri. Baba ananipeleka shambani asubuhi, nakaa pembeni ya matuta, natenga mbegu za tangawizi kwa kuzipapasa, mbovu huku na nzima huku. Naiweza kazi hiyo. Jirani mmoja alimwambia mama nikiwa hapohapo, "Angalau ana akili, hiyo haikuungua." Mama alimfukuza.

Usiku naota nafunga mirija. Kwenye ndoto naona vizuri sana.

Katika barua zote tatu unauliza swali moja. Unaniuliza unaweza kufanya nini. Unasema utafanya chochote: utakuja kukaa hapa unihudumie, utaacha kazi, utaandika kwa majarida yote useme kwamba kile kimstari nilikiona mimi kwanza, utanisomea vitabu, utakubali nisikujibu maisha yako yote. Nilitaka kukujibu haraka, kwamba usifanye kitu. Kisha nikaona hilo ni jibu la mtu ambaye hakutafuta. Kwa hiyo nimetafuta. Wiki nne. Nilichukua kila ulichopendekeza kimoja kimoja, na vingine ambavyo hukuvitaja, nikakiwaza asubuhi nikiwa na nguvu na jioni nikiwa nimechoka, nione kama kuna hata kimoja ambacho kingebadilisha kitu chochote, kwangu au kwako.

Hakuna.

Sikuambii hivi ili uumie. Umeniuliza swali, na mimi nilifundishwa kutoa jibu nililolikuta. Nimetafuta vizuri, Bi Nagumo. Sikukiona.

Tomobe Sae